Kuacha kitabu hadharani kwa ajili ya usiyemjua: desturi hii ni nini, na inawezekanaje vijijini Singida?

Kuna watu wanaonunua kitabu cha hadithi, wanakisoma hadi mwisho, wanakipenda, kisha wanakwenda kukiacha kwenye benchi la stendi au kwenye kiti cha treni na kuondoka. Hawajakisahau. Wamekiacha kwa makusudi ili mtu wasiyemjua akiokote, akisome, naye akiache mahali pengine. Wengine huchagua kitabu cha watoto, tena kile walichokipenda wao wenyewe walipokuwa wadogo.

Makala haya yanaeleza desturi hiyo ilianzia wapi, inavyofanya kazi, na kama inafaa kwenye vijiji vyetu, kuanzia Itigi na Manyoni hadi Ikungi, Iramba na Mkalama. Swali hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu kwetu kitu kilichoachwa peke yake njiani huwa na maana yake, na mara nyingi maana hiyo si zawadi.

Ilianzaje?

Mwaka 2001, Mmarekani mmoja anayeitwa Ron Hornbaker alianzisha tovuti inayoitwa BookCrossing. Wazo lake lilikuwa jepesi. Mwenye kitabu anakiandikisha kwenye tovuti na kupewa namba. Namba hiyo anaiandika ndani ya jalada pamoja na maelezo mafupi, kisha anakiacha kitabu mahali penye watu. Atakayekiokota anaingiza namba hiyo kwenye tovuti na kueleza amekipata wapi. Kwa njia hiyo aliyekiacha anaweza kufuatilia safari ya kitabu chake, mji kwa mji, hata nchi kwa nchi.

Jambo hili lilienea haraka. Mwaka 2004 jina hilo liliingizwa kwenye kamusi ya Kiingereza ya Oxford kama neno la kawaida, lenye maana ya kuacha kitabu hadharani ili wengine wakisome. Leo wanachama wake ni zaidi ya milioni 1, katika nchi nyingi duniani.

Hata hivyo, vitabu vingi vinavyoachwa hivyo havijulikani tena viliko. Aliyeokota hakuona namba, au aliiona akakosa muda wa kuandika. Wanachama wa siku nyingi wanalijua hilo na hawalihesabu kuwa ni hasara, kwa kuwa kitabu kinaweza kusomwa na watu kumi bila hata mmoja wao kutuma habari.

Sanduku lililotengenezwa kwa mlango wa zamani

Njia ya pili ilianza mwaka 2009 katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la Wisconsin, Marekani. Todd Bol alitengeneza sanduku dogo lenye umbo la darasa, akitumia mbao za mlango wa zamani, na kulisimamisha kwenye nguzo mbele ya nyumba yake. Alifanya hivyo kwa kumkumbuka mama yake, aliyekuwa mwalimu. Ndani aliweka vitabu. Mpita njia yeyote aliruhusiwa kuchukua kitabu, na akiwa na cha kwake, kukiweka humo.

Majirani waliiga, na mpango huo ukapewa jina la Little Free Library. Todd Bol alifariki mwaka 2018, lakini leo masanduku ya namna hiyo yako katika nchi zaidi ya 100. Ukilinganisha na njia ya kwanza, sanduku lina faida mbili: vitabu havinyeshewi, na kila mtaa unajua sanduku liko kwa nani. Jambo hilo la pili tutalirudia, maana kwetu ndilo lenye uzito.

Wengi walisikia habari za kuacha vitabu mwezi Novemba 2016, pale mwigizaji Emma Watson alipoacha nakala kama 100 za kitabu cha mwandishi Maya Angelou katika treni za chini ya ardhi jijini London. Emma Watson ndiye aliyeigiza kama Hermione katika filamu za Harry Potter. Kwa kuwa alikuwa maarufu, watu walivitafuta vitabu hivyo kama watoto wanaotafuta embe lililoanguka. Kitabu kilichoachwa na mtu wa kawaida hakitafutwi hivyo, na ndiyo maana lazima kipewe maelezo.

Afrika Mashariki tulishafanya nini?

Kumpelekea kitabu mtu asiye na duka la vitabu karibu si jambo geni kwetu. Tanganyika iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba kwa sheria ya mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata zikaanzishwa maktaba za vijijini, ili watu wazima waliokuwa wametoka kujifunza kusoma wasisahau kwa kukosa cha kusoma.

Wazee wengi wanakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa makundi, redio ikiwa katikati na kijitabu mkononi, wakasikiliza, wakasoma na kujadiliana. Redio moja ilitosha kundi zima. Kitabu kimoja nacho kinaweza kutumika hivyohivyo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa lilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa mwaka 1996. Ngamia walibeba masanduku ya vitabu hadi kwa jamii za wafugaji ambako gari lilipata shida kufika. Watoto walisoma kwenye mikeka, wakaazima, na msafara uliporudi wakarudisha.

Tofauti iko hapo. Kitabu cha maktaba huazimwa na hudaiwa, lakini kilichoachwa kwa ajili ya usiyemjua hakidaiwi. Atakayekipata akikaa nacho miaka miwili, hakuna atakayemgongea mlango. Anayekiacha anakuwa ameshakubali hilo kabla hajaondoka.

Ni vitabu gani vya ajabu vilivyopo kwa Kiswahili?

Katika nchi nyingi, kitabu kinachopendwa na watoto ni hadithi ya ajabu: wanyama wanaosema, milango inayoelekea nchi nyingine, watoto wanaokua au kupungua kimo kwa kula kitu. Mfano unaojulikana sana ni kisa cha Alisi, kilichotungwa na Mwingereza Lewis Carroll. Alikisimulia kwanza kwa mdomo, tarehe 4 Julai 1862, wakiwa kwenye mtumbwi mtoni pamoja na wasichana watatu, na kikachapwa kama kitabu mwaka 1865.

Kisa hicho kipo kwa Kiswahili tangu zamani. Mwaka 1940 kilichapwa kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, kwa tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies, na michoro yake ilimwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, msomi kutoka Zanzibar.

Kitabu chetu wenyewe cha namna hiyo ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapwa mwaka 1952. Kinamhusu liwali mwema anayeitwa Adili, ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili kwa amri ya jini, kisha huwalisha na kuwabembeleza. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Kijana wa darasa la sita anakielewa, na mtu mzima naye hukisoma asichoke.

Baadhi ya wazazi hupata wasiwasi wakisikia kitabu kina majini. Inafaa kukumbuka kwamba hadithi za bibi jioni, fisi anayesema na sungura anayemdanganya, ni za namna hiyohiyo. Mtoto anayejua kwamba fisi wa kweli hasemi atajua pia kwamba jini wa kitabuni ni wa kubuni.

Kwa nini kitabu kisiachwe njia panda?

Hapa ndipo desturi ya London inapogoma kufanya kazi Singida. Ukiacha kitu chochote njia panda, chini ya mti mkubwa au karibu na mlango wa mtu, wapo watakaoogopa kukigusa. Watasema kuna mtu ameacha mkosi wake hapo. Mama atamkataza mtoto, na mtoto atakuwa amefanya vema kumtii, kwa sababu tumewafundisha wasiokote vitu wasivyovijua wala kupokea zawadi za watu wasiowajua.

Upo uwezekano wa pili. Mwaminifu atakiona kitabu, atadhani kimepotea, na atakipeleka kwa mtendaji wa kijiji au mwalimu. Hapo kitawekwa kabatini kikisubiri mwenyewe, wakati mwenyewe hatakuja.

Uwezekano wa tatu ni karatasi zake kuchanwa na kufungia karanga. Anayefanya hivyo si lazima awe adui wa elimu. Kwake yeye ni makaratasi yasiyo na mwenyewe.

Hali zote tatu zina chanzo kimoja: kitabu kimekaa kimya. Hakisemi kimetoka kwa nani, ni cha nani, wala kifanyiwe nini. Kwa hiyo, huku kwetu kitabu kinahitaji mambo mawili ili kipokelewe kama zawadi. La kwanza ni maandishi yanayosema wazi kwamba ni zawadi. La pili ni mtu wa mahali hapo anayejua habari zake na anayeweza kumjibu atakayeuliza. Mpokeaji anaweza kubaki mtu usiyemjua kabisa, ila mahali pawe panapojulikana.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

1. Chagua kitabu ambacho ni chako. Angalia muhuri ndani ya jalada. Kitabu chenye muhuri wa shule, wa maktaba au wa serikali si chako kukitoa, hata kama kimekaa nyumbani miaka mingi. Hicho kirudishe kilikotoka.

2. Waulize wa nyumbani kwanza. Kama kitabu ni kimoja tu ndani ya nyumba na mdogo bado hajakisoma, kisubiri. Kitabu unachokipenda kinafaa kutolewa pale kila mmoja nyumbani amekwisha kukisoma au kusomewa.

3. Kikague. Hakikisha kurasa zote zipo, hasa za mwisho. Hadithi inayokatika kabla ya mwisho humkatisha tamaa msomaji mchanga. Kilicholegea kishone kwa uzi mgumu au kibandike kwa gundi.

4. Kivalishe jalada. Tumia karatasi ngumu ya kaki kama ile ya kuvalisha madaftari, au kipande cha kiroba safi. Kuanzia Juni hadi Oktoba Singida ina upepo na vumbi, na kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili ni msimu wa mvua. Usikiweke chini kwenye udongo hata kwa siku moja, kwa sababu mchwa hawasubiri.

5. Andika maelezo kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa, nje ya jalada na ndani pia. Mfano: "Kitabu hiki hakijapotea. Ni zawadi, wala hakiuzwi. Kichukue, kisome, au msomee mwenzako. Ukimaliza kipeleke mahali pengine penye watu. Kimetoka Ikungi, mwezi Julai."

6. Acha ukurasa wa kumbukumbu. Kwenye karatasi nyeupe ya mwisho chora mistari, na kila msomaji aandike jina la kijiji na mwezi tu. Hii inachukua nafasi ya namba ya kwenye tovuti na haihitaji bando. Kitabu kikirudi siku moja mikononi mwako, utasoma safari yake yote.

7. Chagua mahali penye kusubiri na penye mtu. Mashine ya kusaga au ya kukamua alizeti ni mahali pazuri, kwa sababu foleni ni ndefu na watoto ndio wanaotumwa. Pengine ni kwenye benchi la zahanati siku ya kliniki, kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, kwa wakala wa pesa za simu au kwa mama ntilie wa stendi. Omba ruhusa ya mwenye mahali hapo, mweleze kwa ufupi, na mwonyeshe maandishi.

8. Ondoka na usifuatilie kila siku. Ukirudi kila asubuhi kuuliza kitabu kiko wapi, watu wataanza kuogopa kukichukua.

Maswali yanayoulizwa

Je, si bora kukipeleka shuleni? Shule ni mahali pazuri, na kama kuna mwalimu anayewapa wanafunzi vitabu vya hadithi wakasome nyumbani, anza na yeye. Lakini kuna shule ambako vitabu hufungiwa kabatini kwa hofu ya kupotea. Isitoshe, wapo ambao kabati hilo hawalifikii kabisa: kijana anayechunga mchana kutwa, binti anayeuza mayai na kuku wa kuchoma kwa abiria barabarani, mama aliyeishia darasa la saba na hajashika kitabu tangu hapo. Kitabu kilicho kwenye mashine ya kusaga kinawafikia hao.

Je, ni halali kisheria? Nakala uliyoinunua ni mali yako na unaweza kumpa yeyote. Kinacholindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ni kazi ya mwandishi. Usitoe fotokopi ya kitabu kizima na kuisambaza, wala usikipige picha ukurasa kwa ukurasa na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp. Ukitoa kitabu chenyewe mwandishi haibiwi, kwa kuwa nakala inabaki moja ileile.

Niandike namba yangu ya simu? Si lazima, na ni bora usiandike. Matapeli wanatumia namba yoyote wanayoiona. Usiandike kabisa jina kamili la mtoto, shule yake wala namba ya mzazi wake. Jina la kijiji na mwezi vinatosha.

Naweza kukiacha kwenye basi au kituo cha treni? Usikiache kikiwa ndani ya mfuko au kimefungwa, kwa sababu kifurushi kisicho na mwenyewe huwatia watu hofu na wasimamizi wataki­ondoa. Mkabidhi kondakta au muuza tiketi kitabu kikiwa wazi, na umweleze. Mkoa wetu una barabara kuu ya kwenda Mwanza na reli ya kati inayopita Manyoni na Itigi, kwa hiyo kitabu kilichotoka Ikungi kinaweza kufika mbali.

Mtoto wangu ameokota kitabu. Nifanye nini? Soma maandishi ya jalada. Kama yanasema ni zawadi, muulize mwenye mahali kilipookotwa. Kipitie wewe kwanza, kama kinamfaa kwa umri wake mwache asome. Kama hakina maandishi yoyote, kichukulie kuwa kimepotea na kitangaze.

Kama ninayempa hajui kusoma? Kitabu hakihitaji wasomaji wote nyumbani. Anatosha mmoja. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumsomea bibi yake anayejua Kinyaturu au Kinyiramba vizuri kuliko Kiswahili, akimfafanulia pale panapokuwa pagumu. Mara nyingi bibi atamlipa kwa hadithi yake mwenyewe.

Na asiye na kitabu cha kutoa?

Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa nchini Afrika Kusini na kuanza kutoa hadithi kwenye tovuti yake mwaka 2014, una hadithi nyingi fupi za watoto za bure katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake inaruhusu kuzisoma, kuzipakua na hata kuzichapa bila kuvunja hakimiliki. Mwenye simu janja anaweza kupakua hadithi akiwa mjini penye mtandao mzuri, kisha akawasomea watoto kijijini bila bando. Anayeweza kuzichapa kwenye duka la stesheni­ari na kuzishona kwa uzi atakuwa amepata kitabu cha kuacha.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, kinachohitajika ni kitabu kimoja kizima, karatasi ya kaki, kalamu, na mtu mmoja mwenye benchi anayekubali kukiangalia. Anza na kitabu kimoja tu. Kikichukuliwa na nafasi yake ikabaki tupu, hilo ni jibu zuri hata kama hakuna aliyepiga simu kukushukuru. Mahali fulani Mkalama au Kiomboi kuna mtoto amekikalia karibu na taa, na mwenzake anamhimiza afungue ukurasa unaofuata.